Lucinda Swallow, Mama wa Majani Yenye Matundu

Mama,

Mwaka umetimia tangu ututoke, asubuhi ile ya Juni ambapo matumba ya mahinchi, ule mmea wako wa majani yenye maziwa, yalikuwa yamejaa lakini hayajapasuka, msimu wako wa kazi kuliko misimu yote. Baba alikuta ndoo yako na kisu kidogo kibarazani, vimeshaoshwa, vinakungoja. Siku hiyo ulikuwa umepanga kuchuma.

Kwa wanaosoma tangazo hili bila kukufahamu: ulikuwa mke wa Merlin Swallow, dada yake Orville, na mama yake Rozella, ambaye nyumbani tunamwita Hinu kwa sababu ndiye binti wa kwanza, na kwetu Waho-Chunk, wenyeji wa asili wa hapa Wiskonsin, binti wa kwanza huitwa hivyo. Sisi wengine ni wajukuu zako. Tumekulia mezani kwako, tukikuita Mama na mumeo Baba, kama Hinu alivyowaita.

Ulikuwa mwoga, Mama. Tunalisema bila kukukosea heshima, maana hata wewe hukulificha. Uliogopa radi, ngazi za umeme za madukani, daktari wa meno, na simu inayolia kabla ya kahawa. Hinu alikushika mkono kila mlipovuka barabara kubwa ya mjini, wewe mwanamke mzima mwenye wajukuu, ukawa unamuuliza, "Wanakimbilia wapi hawa, mwanangu? Huko mbele kuna nini?"

Lakini mvua ya mawe ilipoanza kupiga, ulitoka mbio na sufuria zote za jikoni ukaifunika mimea yako mmoja mmoja, kichwa wazi. Baadaye tukakuta kioo cha gari umekiacha kimeshushwa na kiti kimejaa barafu. Baba alifoka. Ulimjibu taratibu, "Gari halina watoto, Merlin."

Watoto walikuwa ni viwavi. Wale wenye mistari myeusi, myeupe na ya njano, ambao wakikua huwa vipepeo wa rangi ya chungwa, wanaoitwa wafalme. Ulitufundisha tungali wadogo kwamba mama yao hatagi mayai kwingine ila kwenye mahinchi, mmea ule ambao ukivunja jani lake hutoka maziwa meupe. Mtoto wa mfalme hali kitu kingine. Usipouona mmea huo njiani, ulituambia, na yeye hutamwona.

Ndivyo ilivyokuwa. Utotoni mwako mahinchi yalijaa kando ya kila barabara na kila shamba la mahindi. Kisha ikaja dawa ya magugu, na kingo za mashamba zikawa safi kama sakafu. Ukaokota mbegu kiganja kimoja kutoka kando ya reli, ukazipanda nyuma ya nyumba kwenye mchanga kabla ya theluji, kwa kuwa mbegu hizo haziamki mpaka zimelazwa kwenye baridi. Mwaka wa kwanza yakatoka majani mawili mawili tu, membamba. Mwaka wa pili hakuna ua. Mjomba Orville alikuwa akipita na kukucheka.

"Dada yangu analima magugu! Mwakani atafuga panya."

"Panya ninaye," ulisema. "Huyu hapa amekuja tena wakati wa chakula."

Mwaka wa tatu yakachanua, na bustani ikaanza kulia. Hatuna neno lingine. Nyuki wakubwa wenye manyoya, mbawakawa wekundu wenye madoa, nondo, sisimizi, vipepeo wa kila namna, wote wakawa pale, na mtu akisimama kibarazani alisikia mlio mmoja usiokatika. Harufu ya maua iliingia mpaka kwenye mashuka. Uliketi hapo na kahawa yako, na huo ndio wakati pekee ambao hatukukuona ukiogopa kitu.

Na tuliyala, Mama. Wasomaji wengine watashangaa, lakini watu wetu wameyala mahinchi tangu zamani: vishada vya matumba ya maua, vikiwa bado vibichi na vimefumba. Uliyachemsha na kumwaga maji ya kwanza. Ukachemsha tena ukamwaga ya pili. Maji ya tatu ndiyo yaliyoingia mifupa na madonge ya unga, na supu hiyo ndiyo iliyowaleta watu nyumbani kwako kutoka ng'ambo ya mto. Kabla ya kukata uliweka tumbaku kidogo chini kama shukrani, ukasema maneno yako kwa sauti ya chini.

Ulitupa masharti mawili. La kwanza: usikate kishada chenye yai au kiwavi, hicho kina mwenyewe. La pili ulilisema mara chache, kwa sababu halikuwahi kuhitajika. Ulikuwa ukigeuza jani, ukatuonyesha matundu yake, ukasema, "Haya ndiyo ninayotaka kuyaona. Jani likiwa zima kabisa, halijaguswa na mdudu yeyote, mimi naliogopa."

Sisi tulicheka. Tulidhani ni moja ya zile hofu zako.

Baada ya mazishi, Hinu ndiye aliyerithi bustani, na pamoja nayo akarithi woga. Hakuwahi kuwa mwoga kabla ya hapo. Alipokuwa msichana alipanda pikipiki. Sasa akawa anaamka na kwenda dirishani kutazama kama mashina yamesimama. Theluji ikiwa nyingi aliogopa, ikiwa kidogo aliogopa zaidi. "Nikiyaua mahinchi ya Mama," alimwambia mumewe Clayton, "nitamuua mara ya pili."

Kisha, mwezi wa Aprili, bomba la maji machafu lilipasuka. Mafundi wakaja na mashine, wakachimba mtaro katikati ya bustani, kutoka kibarazani hadi kwenye misonobari. Walikuwa watu wema, walisikitika, walirudisha mchanga na kuusawazisha vizuri. Lakini mizizi yako ya miaka yote hiyo iliondoka kwenye ndoo ya mashine. Pakabaki ukanda mtupu, mweupe, kama kovu.

Hapa inatubidi tumtaje mkwe wako, Clayton.

Miaka yote aliyomwoa Hinu, Clayton hakuwahi kukuambia neno moja uso kwa uso, wala wewe kumwambia yeye. Ndiyo heshima yetu ya zamani kati ya mkwe na mama mkwe, na ninyi wawili mliishika barabara. Mlizungumza kupitia kwa Hinu, na Hinu asipokuwepo, kupitia kwa mbwa. "Sijui kama kuna mtu wa kunitengenezea bomba la jikoni," ulimwambia mbwa. Na Clayton, akiwa ameupa mlango mgongo, akamjibu mbwa, "Nitakuja Jumamosi." Alikulimia, akakupasulia kuni, akakuletea mifupa ya kulungu kila msimu wa mawindo na kuiacha kibarazani bila kubisha hodi. Hayo yote yalikuwa maneno yake.

Basi alipouona ule ukanda mtupu na mwaka wako unakaribia, hakumwambia mtu. Alikwenda mjini, kwenye duka kubwa linalouza mimea ya bustani, akarudi na pikapu imejaa mahinchi kwenye vyungu vya plastiki. Kila chungu kilikuwa na picha ya kipepeo mfalme. Alikuwa amechagua mmea mmoja mmoja, mnyoofu, wa kijani kibichi, jani halina doa wala tundu, kwa sababu ilikuwa zawadi yako na zawadi haiendi na kasoro. Aliipanda yote kwa mikono yake kwenye ukanda ule, akatandaza majani makavu chini ya shina ili udongo usikauke.

Hinu alipotoka na kuona, alilia. Yeye mwenyewe alituambia kwamba usiku ule ndio wa kwanza tangu ufariki aliolala bila kuamka.

Karamu yako ya kutimiza mwaka ilikuwa Jumamosi iliyopita. Asubuhi Hinu alichukua ndoo yako na kisu chako akaenda kuchuma. Alianza kwenye safu zako za zamani. Kila kishada alichokiinua kilikuwa na mwenyewe: hapa yai dogo jeupe, pale kiwavi amejikunja ndani ya matumba, kwingine wadudu wadogo wa njano wakichungwa na sisimizi. Alifuata sharti lako. Alipita shina baada ya shina na ndoo ilikuwa tupu.

Halafu akafika kwenye mimea ya Clayton. Vishada vikubwa, vimejaa, safi. Hakuna yai. Hakuna aliyekaa. Alimshukuru Mungu na akamshukuru mumewe, akaweka tumbaku, akakata.

Supu ilikuwa nzuri, Mama. Hilo ndilo linalotutisha mpaka leo. Ilinukia kama yako.

Watu walianza kufika, magari yakapangwa hadi barabarani, wanaume wakawa motoni na nyama ya kulungu, kina mama wakikaanga mikate. Kama ilivyo desturi, wewe ulipewa kwanza. Sahani yako ikatengwa, bakuli la supu, mkate, na kahawa isiyo na sukari, Mjomba Orville akasema maneno yanayosemwa, ikawekwa mezani pako kwenye ukingo wa bustani. Baada yako, Baba akapewa bakuli lake, kwa kuwa ni mumeo. Wengine wote wangesubiri.

Baba akala. Akaomba la pili.

"Polepole, shemeji," Mjomba Orville alimwambia. "Kuna wageni mia hapo nje hawajala."

"Wewe umeacha kula lini ili nikuige?" Baba akamjibu, kinywa kimejaa.

Hinu alikuwa ametoka na beseni la maji ya kuoshea vyombo kwenda kuyamwagia mimea mipya, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Maji yakasukuma yale majani makavu chini ya shina. Akaona kitu cheusi. Akainama.

Walikuwa viwavi. Wadogo sana, waliotoka kwenye mayai siku chache tu zilizopita, wamejikunja kama kucha zilizokatwa. Akasukuma majani zaidi kwa kidole. Chini ya kila shina walikuwepo. Wengine walikuwa wamekauka. Mmoja bado alikuwa anatikisa kichwa huku na huku, na mdomoni anatoka maji ya kijani. Kando yake nyuki mkubwa alilala chali, miguu ikitetemeka. Kumbe vipepeo walikuwa wametaga pale, na watoto wao walikuwa wameng'ata jani mara moja tu, wakaanguka kabla ya kulitoboa.

Hinu aliinua macho, akaitazama mimea ile. Majani yake yote yalikuwa mazima.

Aliangusha beseni. Wote tuliokuwa uani tulimsikia akipiga kelele, si neno, ni kelele tu, halafu ndipo likaja neno: "Supu! Msile supu!"

Clayton alikuwa motoni na kijiti cha kugeuzia nyama. Hakuuliza kuna nini. Alimwona mkewe amepiga magoti penye mimea yake, akaona viwavi waliokufa viganjani mwake, akaelewa. Watu wengine wote walikimbilia sufuria. Yeye alikimbia upande wa pili, kwenye meza yako, akalinyakua bakuli kwa mikono miwili mpaka supu ikamchoma, akasema kwa sauti ambayo uani kote ilisikika:

"Usile, Mama! Tafadhali usile!"

Hakuna kati yetu aliyewahi kumsikia akikuita. Alisimama pale ameshika bakuli lako, supu inamtiririkia hadi kwenye viwiko, naye anatazama mahali ulipopaswa kuwa umekaa.

Mjomba Orville alimsogelea. Hakuwa na utani. "Mwanangu, kilichokwisha kutolewa hakirudishwi."

"Ni sumu, Mjomba. Nimempa sumu."

"Bado hujui."

"Najua."

Hinu alikuwa tayari kwenye simu na duka. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu.

"Ndiyo, mama, inakuja ikiwa na dawa tayari. Kule inakooteshwa wanaitia kwenye udongo, mmea unainywa wote. Ndiyo maana ni mizuri vile, haishambuliwi."

"Itatoka lini?"

"Sina hakika. Labda msimu huu mzima. Kwani kuna tatizo?"

"Tumeila."

"Mme… nini?"

"Tumeila, mwanangu. Maua yake. Ni chakula."

"Mama, ile ni ya mapambo."

"Na picha ya kipepeo kwenye chungu?"

"Ile ni picha tu, mama."

Halafu Hinu akapiga simu zahanati. Muuguzi wa zamu alikuwa binamu yake.

"Nani amekula?"

"Baba. Peke yake."

"Kiasi gani?"

"Mabakuli mawili."

"Mawili! Si nilimkataza chumvi?"

"Kwa hilo tutagombana kesho, tafadhali!"

Binamu aliuliza ni dawa ya namna gani, akaulizia kwa wataalamu wa sumu, akapiga simu tena. Walimwambia kwamba kwa kiasi hicho, na maji mawili ya kwanza yakiwa yamemwagwa, huenda asidhurike sana. Huenda. Anywe maji. Asiachwe peke yake. Akianza kutapika mfululizo, au kutetemeka, au moyo ukienda mbio, lisisubiriwe jambo lolote, liitwe gari la wagonjwa.

Baba alikuwa amesikiliza yote hayo akiwa ameketi kitini, mikono magotini. Tulidhani anaogopa kufa. Hinu alipiga magoti mbele yake akamshika miguu. "Baba, twende hospitali sasa hivi. Pikapu ipo."

"Siendi."

"Baba!"

"Yeye amekula kabla yangu," alisema, na macho yake yalikuwa kwenye meza yako. "Bakuli lilikaa pale muda wote ambao mimi nakula. Huyu kijana amelichukua, amefanya vyema, lakini kama alikwisha kula? Nani atanijibu hilo?"

Akaegemea kiti chake.

"Basi tumekula pamoja, mimi na yeye. Chungu kimoja. Nitakaa hapa hapa. Nikipona mimi, nitajua na yeye yuko salama. Nikiondoka hapa, nani atajua hali yake?"

Mama, umetuona katika mambo mengi, lakini hujatuona tukiogopa vile. Tulimwogopea mzee wetu, na tulikuogopea wewe, ambaye tulidhani hakuna tena cha kukuogopea. Sufuria ilimwagwa kwenye shimo refu nyuma ya banda na kufukiwa. Hakuna mgeni aliyeondoka. Waliokuwa na watoto wadogo waliwaita karibu, wakakaa kwenye nyasi, na vyakula vingine vikapoa mezani bila kuguswa.

Baba akanywa maji. Baada ya kitambo jasho likaanza kumtoka usoni, ingawa kivuli kilikuwa kimeshafika. Akasema tumbo linamkata. Akatapika mara moja. Hinu akaanza kuhesabu mapigo ya moyo wake, akakosea, akaanza tena, akakosea. Clayton alisimama mbali, mikono imefungwa vitambaa vya maji baridi, hawezi kukaribia wala kuondoka.

Mjomba Orville akavuta kiti akakaa ubavuni mwa Baba. Tunajua desturi yetu ya mashemeji, kwamba hutaniana tu na hawana ruhusa ya kuwa na huruma hadharani.

"Shemeji, kama ni kufa, fanya haraka," alisema. "Watu wote wako hapa, chakula kipo. Tutaokoa gharama ya karamu nyingine."

"Ungependa hivyo," Baba akasema, macho amefumba. "Upate bunduki yangu."

"Bunduki yako haipigi hata kopo. Mimi nataka buti."

"Miguu yako mikubwa kama ya bata."

Hapo mkono wa Mjomba ulikuwa umeshika mkono wa Baba, umeubana hasa, na wote wawili hawakuutazama.

Jua lilipogusa misonobari, Baba alifumbua macho akauliza kama kuna kahawa. Tukamletea. Akainywa nusu, tukamtazama kila funda. Akaomba mkate. Akautafuna taratibu, akaumeza, akangoja kama mtu anayesikiliza hatua ndani ya nyumba. Kisha akamwita Clayton kwa kidole.

"Mpe mama yako sahani nyingine," alisema. "Nyama na mkate. Mwambie yeye ni mzima, kwa sababu mimi ni mzima."

Clayton alikata nyama mwenyewe kwa ile mikono iliyoungua. Alipoiweka mezani pako hakusema neno kwa sauti. Midomo yake ilikwenda muda mrefu, nasi tukageuza nyuso upande mwingine.

Hatutaki kusema uongo katika tangazo lako. Baba ni mzima kweli, binamu amempima, lakini sisi bado tunaogopa. Siku ya pili tuling'oa mimea yote ya dukani pamoja na udongo wake, tukaifunga kwenye mifuko na kuipeleka inakotupwa vitu vya sumu. Clayton amechimba mpaka chini ya mtaro wa mafundi. Lakini hatujui dawa imetambaa hadi wapi, wala mizizi yako ya zamani, ambayo hutembea mbali chini ya mchanga, imekunywa nini. Mbele ya macho yetu bado kuna vipepeo wanaoingia bustanini kutaga. Hatuwezi kuwaambia wasubiri kwanza.

Kwa hiyo mwaka huu hatuchumi tena. Tunawaomba ndugu na majirani waliozoea kuja na ndoo zao wasije. Wala mbegu za bustani hii hatutamgawia mtu vuli itakapofika, mpaka tujue. Aliye na mahinchi ya porini, kutoka mahali ambapo anajua hapajapuliziwa, tunaomba atuletee maganda machache yenye mbegu, tuyalaze kwenye ule ukanda kabla ya theluji, tuanze tena na majani mawili mawili. Na anayetaka kupanda kwa ajili ya vipepeo, tunamsihi kwanza aulize dukani mmea umenyweshwa nini, asiridhike na picha. Hinu ndiye aliyetaka tuandike haya. Alisema wewe ungeona aibu kidogo kusemwa gazetini, halafu ungeuliza kama tumelitaja vizuri lile la dawa kutiwa kwenye udongo.

Kila asubuhi sasa Baba hubeba kiti chake na kahawa yake mpaka kwenye safu za zamani. Huinamisha jani moja, akatazama chini yake, akaliacha, akashika jingine. Jana Hinu alimwambia arudi ndani, umande utamletea kikohozi, na kwamba kukaa pale hakutamponya kiwavi yeyote.

"Najua," alisema. "Nikiwa ndani naogopa sana. Nikiwa hapa naogopa kidogo."

Hinu akaenda kuchukua kiti cha pili. Kwenye jani lililo mbele yao palikuwa na kiwavi mmoja, mdogo kuliko punje ya mchele, na pembeni yake tundu moja, jipya. Wakakaa wakimtazama kama atakula tena.

Wanaokukumbuka ni mume wako Merlin Swallow. Binti yako Rozella, yaani Hinu, na mkweo Clayton. Kaka yako Orville. Wajukuu zako wote, uliowaogopea kila siku ya maisha yao. Pamoja na ndugu na marafiki wa pande zote mbili za Mto Mweusi, Wiskonsin.

Hutatutoka moyoni, Mama, leo wala siku yoyote ijayo.